Mlango Mwembamba wa Udaktari: Kutoka Baghdad Hadi Makerere

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, maswahaba zake na wote wanaofuata njia yao mpaka siku ya malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, kila mwaka majibu ya kidato cha sita yanapotoka, sisi walimu wa madrasa hapa Uganda huletewa kesi ya aina moja. Kijana amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, jirani wamekuja kutoa pongezi, mama ameshapika pilau. Wiki chache baadaye yanatoka majina ya waliochaguliwa kusomea udaktari kwa gharama za serikali, na jina lake halimo. Vyuo vya kulipia vipo, lakini ada yake haishikiki. Nyumba inageuka kuwa ya msiba. Kijana hatoki chumbani, baba hasemi, mama anauliza kama kuna dua ya kusoma.

Dua ipo, na tutaifikia. Lakini kabla ya dua ni vizuri tujue historia, kwa sababu mtu asiyejua historia hudhani shida yake imeanza naye. Kugombea mlango wa udaktari ni jambo la zamani sana, na Waislamu wamelipitia kwa sura nyingi. Hebu tutazame pamoja.

Baghdad, mwaka 319 Hijria

Mwaka 319 Hijria, sawa na 931 Miladia, Khalifa al-Muqtadir Billah alipata habari Baghdad kwamba mtu mmoja katika raia amefariki kwa kosa la tabibu. Khalifa hakuishia kusikitika. Alimwamuru muhtasib, yaani msimamizi wa masoko na kazi za watu, awazuie matabibu wote wasitibu mpaka wapimwe. Aliyepewa kazi ya kuwapima ni Sinan bin Thabit bin Qurra, tabibu mkuu wa wakati huo. Waliofika kupimwa kutoka pande zote mbili za mji walizidi 860, bila ya kuwahesabu wale waliosamehewa kwa umaarufu wao na wale waliokuwa katika huduma ya khalifa. Sinan alimpa kila mmoja ruhusa ya kutibu kadiri alivyomwona anafaa.

Habari hii tunaipata kwa wanahistoria wa utabibu, akiwemo Ibn Abi Usaybi'a, aliyekuwa tabibu mwenyewe na kufariki mwaka 668 Hijria (1270). Pamoja nayo amesimulia kisa ambacho wanafunzi wangu hukipenda sana. Siku moja aliingia mzee mwenye mavazi mazuri na haiba kubwa. Sinan alimheshimu, akamkalisha, akawa anamgeukia yeye kila linapopita jambo. Watu walipotoka, Sinan akamwomba amfaidishe kwa elimu yake na amtajie shekhe aliyemsomesha. Mzee akatoa karatasi yenye dinari, akaiweka mbele yake, akakiri kwamba kusoma na kuandika hakujui vizuri, wala hakusoma chochote cha maana. Ila ana watoto, na riziki yao inatoka katika kazi hiyo, akaomba asikatiwe. Sinan akacheka. Akamruhusu kwa sharti kwamba asimwingilie mgonjwa kwa jambo asilolijua, wala asiagize kupiga chuku wala dawa kali ya kuharisha ila kwa maradhi mepesi. Mzee akasema hiyo ndiyo njia yake maisha yote, kwamba hajavuka kuwapa watu maji ya siki na asali na maji matamu ya waridi.

Kesho yake akaja kijana nadhifu. Sinan akamuuliza amesoma kwa nani. Akajibu: kwa baba yangu. Baba yako ni nani? Ni yule mzee aliyekuwa kwako jana. Sinan akamsifu yule mzee, akamuuliza kijana kama naye anafuata njia ya baba yake. Alipokubali, akamwambia asiivuke.

Ama zile dinari, tusizifanye hoja. Rushwa ni haramu kwa anayetoa na anayepokea, na sheria ya dini yetu haichukuliwi katika visa vya Baghdad. Tunachojifunza hapa ni kwamba mtihani uliwekwa kwa ajili ya mgonjwa. Mtu alikufa kwa mkono wa asiyejua, ndipo mlango ukawekwa mlinzi. Na hili lina asili katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.), kwani imepokewa katika Sunan Abu Dawud na kwa wengineo kwamba mwenye kujitia utabibu bila ya kujulikana kwa utabibu, basi madhara yatakayotokea yako juu ya dhima yake.

Mtihani ni kitu kimoja, viti ni kitu kingine

Hapa, ndugu zangu, kuna jambo ambalo vijana wetu wengi hawalitambui, na kutolitambua kunawaumiza.

Mtihani wa Baghdad haukuwa na idadi ya viti. Sinan hakuambiwa achague watu 100 kati ya hao 860 na zaidi. Kila aliyefaa aliruhusiwa kwa kiwango chake. Aliyekataliwa alikataliwa kwa kutojua.

Uchaguzi wa vyuo vya udaktari siku hizi una mambo mawili ndani yake. La kwanza ni kupima kama mwanafunzi anaweza. La pili ni kugawa nafasi chache kwa wengi wanaoweza. Maiti za kufundishia, maabara, vitanda vya hospitali ya mafunzo na madaktari bingwa wa kufundisha, vyote vina kikomo. Chuo hakiwezi kuwazungushia kitanda kimoja cha mgonjwa wanafunzi mia. Basi panakatwa mstari, na aliye chini ya mstari kwa nukta moja hubaki nje, hali ya kuwa aliye juu yake hamzidi kwa akili wala kwa bidii kwa kiasi cha kuonekana.

Kwa hiyo kijana aliyefaulu masomo yake na asipate nafasi hajaambiwa kwamba yeye ni mjinga. Ameambiwa kwamba viti vimekwisha. Mzazi anayemwambia mwanawe, "umetuaibisha", amechanganya mambo mawili, na amemdhulumu mtoto.

Mtoto wa mchoma mikate

Sasa twende Misri. Ali bin Ridwan alizaliwa Giza mwaka 377 Hijria (988). Baba yake alikuwa mchoma mikate. Alianza kusoma akiwa na miaka 6, akahamia mjini akiwa na miaka 10, na alipofika miaka 14 akaanza kujifunza utabibu. Fedha za kulipa walimu hakuwa nazo. Ameeleza mwenyewe katika habari za maisha yake kwamba alijitafutia riziki kwa shida, mara kwa kupiga falaki njiani, mara kwa kutibu, mara kwa kufundisha. Kupiga falaki ili kutabiri mambo ni kazi ambayo dini yetu haiikubali, na hatuitaji hapa ili iigwe. Tunaitaja ili tujue dhiki aliyopita. Hali hiyo iliendelea mpaka alipofika miaka 32, ndipo jina lake likajulikana kwa utabibu na kazi hiyo ikamtosha.

Hesabu miaka hiyo, msomaji: kutoka 14 mpaka 32 ni miaka 18. Kijana wetu akikosa nafasi mwaka mmoja huona maisha yamekwisha.

Katika miaka hiyo ya dhiki, mwaka 396 Hijria (1006), ilionekana mbinguni nyota mpya yenye kung'ara ajabu. Ibn Ridwan, akiwa na umri wa miaka 18 hivi, aliitazama, na baadaye akaandika mahali ilipokuwa na ukubwa wa mwanga wake. Wataalamu wa nyota wa zama zetu wanayatumia maelezo yake mpaka leo. Kijana maskini asiye na mwalimu alikuwa akitazama kwa makini na kuandika anachokiona.

Hatimaye alifanywa mkuu wa matabibu wa Misri, na akaandika kitabu juu ya kuzuia madhara ya mwili katika ardhi ya Misri, akieleza hewa, maji na vyakula vya nchi yake. Lakini tusimfanye malaika. Ile miaka ya kusoma peke yake ilimwachia ukali. Alishikilia kwamba kusoma kwa vitabu ni bora kuliko kusoma kwa mwalimu. Tabibu mmoja Mkristo wa Baghdad, Ibn Butlan, alipokuja Misri waligombana naye kwa maandishi, wakatukanana hata kwa sura. Ibn Butlan alijibu kwamba mwalimu ni bora, kwa sababu mwanafunzi asipofahamu neno mwalimu hulibadilisha kwa neno jingine, ama kitabu hakijibu.

Mimi ni mwalimu, hivyo mtanisamehe nikimuunga mkono Ibn Butlan katika hili. Hata hivyo nafahamu kwa nini Ibn Ridwan alisema vile. Aliyefungiwa mlango akapita dirishani, mara nyingi hurudi akadai kwamba dirisha ni bora kuliko mlango. Vijana wetu wajifunze subira yake, na wajihadhari na uchungu wake.

Damascus: mtu aliyeongeza viti

Mfano wa tatu ni wa Sham. Huko Damascus, Sultani Nur al-Din Zangi alijenga hospitali mwaka 549 Hijria (1154), ikawa mahali pa kutibu na pa kufundishia. Miongoni mwa matabibu waliofundisha hapo ni Muhadhdhab al-Din al-Dakhwar, mtoto wa tabibu wa macho. Huyu alipokuwa mtu mzima mwenye mali na jina, aliifanya nyumba yake mjini Damascus kuwa wakfu, iwe madrasa ya kusomesha utabibu baada yake, akaiwekea na mali ya kuiendesha. Ibn Abi Usaybi'a tuliyemtaja alikuwa mwanafunzi wake.

Tazama tofauti. Wengi tukiona nafasi ni chache hushughulika na namna ya kumwingiza mtoto wetu. Al-Dakhwar alishughulika na kuongeza nafasi zenyewe, tena kwa watoto asiowajua.

Makerere na sisi

Sasa turudi nyumbani. Chuo cha Makerere kilianzishwa mwaka 1922, na mafunzo ya utabibu yakaanza hapo mwaka 1924, yakishirikiana na hospitali ya Mulago. Kwa karibu miaka 40 kijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika au Unguja aliyetaka kuwa daktari bila ya kwenda ng'ambo alielekea mlango huo mmoja. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963, ya Nairobi mwaka 1967. Butare nchini Rwanda nako chuo kikuu kilianza mwaka 1963, na udaktari ulikuwemo tangu mwanzo. Hapa Uganda chuo cha pili cha serikali chenye udaktari, Mbarara, kilianza mwaka 1989.

Katika miaka hiyo ya mlango mmoja, Waislamu waliofika Makerere walikuwa wachache, na sababu zake zinajulikana. Shule nzuri za sekondari zilikuwa za wamishonari. Wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa watoto wao wasije wakabadilishwa dini, na hofu hiyo haikuwa ya bure, maana wako waliotakiwa kubatizwa ndipo wasome. Kwa hiyo mtoto wa Kiislamu alikuwa ameshaachwa nyuma kabla hajafika kwenye mtihani wa kuingia Makerere. Mashindano yalikuwa yamekwisha akiwa na miaka 10.

Wazee wetu walifanya nini? Katika miaka ya 1940 kiliundwa chama cha elimu ya Waislamu wa Uganda, naye Prince Badru Kakungulu akawa mbele katika kazi hiyo. Ndiye aliyetoa ardhi ya Kibuli, mahali pa msikiti, shule na hospitali. Mwaka 1988 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Kiislamu huko Mbale. Leo chuo hicho kina kitivo cha utabibu, na kitivo hicho kiko Kibuli, kwenye kilima kilekile. Kazi ya mtu mmoja aliyetoa ardhi imekuja kuwa viti vya wanafunzi wa udaktari baada ya yeye kufariki mwaka 1991. Hii ndiyo maana ya sadaka yenye kuendelea.

Na mabinti zetu wasijione hawahusiki. Mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuhitimu udaktari, Josephine Nambooze wa hapa Uganda, alihitimu Makerere mwaka 1959, miaka 35 baada ya mafunzo kuanza. Kwa upande wetu Waislamu, Rufaida (r.a.) alitibu majeruhi Madina zama za Mtume (s.a.w.), naye ndiye aliyekabidhiwa Sa'd bin Mu'adh (r.a.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq.

Walioingia kwa mlango wa pembeni

Jirani zetu wa Kongo wana historia yao ya peke yake. Walipopata uhuru mwaka 1960 hawakuwa na daktari hata mmoja Mkongo mwenye shahada. Wabelgiji walikuwa wamewafundisha kwa kiwango cha wasaidizi wa tabibu tu. Madaktari wa Kibelgiji walipoondoka kwa wingi, hospitali zilibaki mikononi mwa hao wasaidizi na wauguzi. Shirika la Afya Duniani likasaidia kuwapeleka makumi ya wasaidizi hao Ufaransa wakamalizie masomo, wakarudi wakiwa madaktari kamili. Miaka waliyofanya kazi ya chini haikupotea, maana ndiyo iliyowapa ngazi.

Tanzania nayo kwa miaka mingi ilikuwa na madaktari wasaidizi. Hawa walianza kama maafisa tabibu, wakafanya kazi, kisha wakarudi darasani. Katika hospitali nyingi za wilaya wao ndio waliokuwa wakiwapasua kina mama waliokwama kujifungua. Mama aliyeokolewa usiku wa manane na mwanawe hakuuliza aliyemshona alipata pointi ngapi kidato cha sita.

Hapa tukumbuke tena alivyofanya Sinan, kwamba kila mmoja aliruhusiwa kwa kadiri yake. Utabibu tangu zamani ni ngazi yenye vidato vingi. Uuguzi, ukunga, ufamasia, maabara na afisa tabibu ni vidato vya ngazi hiyohiyo. Suratul Maida aya ya 32 inatufundisha kwamba anayeihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote, na haikusema kwamba thawabu hiyo ni ya mwenye shahada fulani.

Mafunzo kwa wanafunzi

1. Tengeneza nia. Jiulize unataka udaktari kwa ajili ya mgonjwa au kwa ajili ya koti jeupe. Mwenye kutaka kumsaidia mgonjwa ana njia kumi. Mwenye kutaka koti ana njia moja, ndiyo maana huvunjika inapofungwa.

2. Usinunue mtihani wala cheti. Ukiingia kwa karatasi ya wizi umechukua kiti cha mwenzako, na siku moja utasimama mbele ya mgonjwa usiyeweza kumtibu. Damu yake iko juu ya dhima yako.

3. Omba zaidi ya njia moja. Unapojaza fomu, weka na kozi za jirani na udaktari ambazo kweli utaziridhia. Kumtegemea Allah ni baada ya kumfunga ngamia.

4. Usimhusudu aliyechaguliwa. Mpongeze, umwombee baraka. Hasadi haikuongezei hata nukta moja.

5. Soma na mwenzako, usimfiche daftari. Huyo unayemwona mpinzani leo huenda akawa daktari atakayemtibu mama yako.

6. Swali istikhara, na ukikosa kumbuka Suratul Baqara aya ya 216, kwamba huenda tukachukia kitu nacho ni kheri kwetu, na Allah ndiye ajuaye. Ukiona huzuni imezidi, hulali, huli, na unawaza kujidhuru, usikae nayo peke yako. Mwambie mzazi, mwalimu au mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Kutafuta tiba ni sunna, na maradhi ya moyo na fikra nayo ni maradhi.

Mafunzo kwa wazazi

Ndugu zangu wazazi, neno letu katika wiki ile ya majibu mtoto halisahau. Msimlinganishe na mtoto wa jirani wala wa dada yenu. Msimlazimishe udaktari asioutaka ili nyinyi muitwe "mama daktari" au "baba daktari". Mkiuza shamba kwa ajili ya chuo cha kulipia, kaeni kwanza na hesabu ya miaka yote mitano, siyo ya mwaka wa kwanza peke yake, maana wako waliokwama katikati, shamba hakuna na shahada hakuna. Na kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisheni kwa baraza la madaktari kwamba chuo hicho kinatambuliwa.

Na kwa wenye uwezo miongoni mwetu, tumkumbuke al-Dakhwar na nyumba yake, na Badru Kakungulu na kilima chake. Hata kama hatuna nyumba ya kuweka wakfu, jamaa wa msikiti mmoja wakichanga wanaweza kumlipia ada mwanafunzi mmoja wa uuguzi au uafisa tabibu kila mwaka. Baada ya miaka 10 mtaa huo hautakuwa tena na uhaba uleule.

Tunamwomba Allah (S.W.T.) awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, awape subira waliokosa na unyenyekevu waliopata, na awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.